Kutoka Malindi hadi Jilib: Historia ya Mabomu Yanayokosa

Kabla ya Waitaliano kuleta piza Malindi, walileta mabomu. Oktoba 1940 ndege zao za kivita ziliushambulia mji huo, ambao wakati ule ulikuwa na wavuvi wake, wakulima wake na hoteli chache za walowezi waliokuja kupunga upepo. Leo vijana wa ufuoni wanazungumza Kiitaliano kana kwamba wamekinyonya ziwani, na mgeni anayekula samaki wake pale haambiwi na yeyote kwamba kizazi cha babu zake kilifika kwa njia ya angani, bila hodi.

Ukitazama ramani, ajabu inapungua. Kismayu, iliyokuwa mikononi mwa Italia, iko kilomita 400 hivi kutoka Malindi kwa njia ya ndege. Na Kismayu yenyewe ilikuwa sehemu ya Kenya hadi mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia eneo la Jubaland kama ujira wa kusimama upande wake katika Vita Vikuu vya Kwanza. Miaka 15 baadaye aliyelipwa akawa jirani mwenye ndege za mabomu. Mussolini alitangaza vita tarehe 10 Juni 1940. Kesho yake marubani wa Afrika Kusini waliokuwa Kenya waliruka kwenda kuzipiga kambi za Waitaliano karibu na Moyale, wakitumia Junkers Ju 86, ndege zilizoundwa Ujerumani na ambazo kabla ya vita zilikuwa zikibeba abiria kule kwao. Tarehe 13 Waitaliano wakashambulia Wajir, palipokuwa na uwanja wa ndege na askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Zamu ya Malindi ilifika miezi minne baadaye.

Waitaliano hawakuwa wageni wa kazi hii. Ndio walioianzisha, na waliianzisha Afrika. Tarehe 1 Novemba 1911, katika vita vya kuwanyang'anya Waturuki nchi ya Libya, luteni Giulio Gavotti alipaa na ndege nyepesi akiwa na mabomu manne ya kilo mbili hivi kila moja, akayarusha kwa mkono juu ya wapiganaji waliokuwa Ain Zara na Tajura, karibu na Tripoli. Hasara ilikuwa ndogo mno, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Oktoba 1935 Adwa ilipigwa siku ya kwanza ya uvamizi wa Ethiopia. Desemba 6 mwaka huohuo ikawa zamu ya Dessie, mfalme Haile Selassie akiwa mjini, na hospitali yenye alama ya Msalaba Mwekundu haikusalimika. Baadaye zikaja gesi za sumu, zikimwagwa kutoka ndege hizohizo.

(Historia ina mzaha wake. Miaka 27 baada ya Malindi kupigwa, Waitaliano walirudi na vyombo vingine vya angani: Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka majukwaa ya baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Aliyeongoza mradi huo, Luigi Broglio, alikuwa afisa wa jeshi la anga la Italia. Safari hii vitu vilikwenda juu.)

Bomu linalozungumziwa hapa ni lile la kawaida la kudondoshwa kutoka ndege, ambalo wanajeshi huliita la matumizi ya jumla. Ni chombo rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Gamba la chuma cha pua hujazwa baruti kali. Mkiani huwekwa mapezi ya kulinyoosha lisipinduke-pinduke. Mbele au nyuma hufungwa fyuzi. Katika mabomu ya zamani fyuzi hiyo ilikuwa na feni ndogo iliyozungushwa na upepo baada ya bomu kuachiwa, na mpaka feni imalize mizunguko yake bomu lilikuwa bado limelala. Likishaamka linaweza kupasuka papo hapo linapogusa ardhi, au kungoja kidogo hadi litoboe paa na sakafu. Hufanya kazi tatu kwa mpigo: hewa yake hubomoa, vipande vya gamba lake hukata, na uzito wake hupenya.

Mabishano ya mafundi yalikuwa juu ya kipimo, gamba liwe nene kiasi gani na baruti iwe kiasi gani. Mwanzoni mwa Vita Vikuu vya Pili mabomu ya Waingereza ya aina hii yalikuwa na baruti ya asilimia 30 hivi tu ya uzito wake. Yaliyobaki yalikuwa chuma. Ya Wamarekani yalikaribia nusu kwa nusu, na hatimaye Waingereza wenyewe wakaunda mengine yenye kipimo hicho. Baada ya vita Marekani ikabuni familia ya mabomu ya Mark 80, yaliyochongoka ili ndege za kasi ziyabebe kwa urahisi. Mark 82 ina uzito wa kilo 227, Mark 84 inakaribia tani moja. Mpaka leo, karibu miaka 80 baadaye, familia hiyo bado inaunguruma katika vita ambavyo walioibuni hawakuviota.

Lakini ugumu wa bomu haukuwahi kuwa katika kulipasua. Uko katika kulifikisha.

Nazi ikikatika huanguka mguuni pa mnazi wake, kwa sababu mnazi haukimbii. Ndege inakimbia, na bomu huondoka na mwendo wa ndege. Tuseme ndege inatoka kaskazini ikiufuata ufuo wetu, iko mita 3,000 juu, inakwenda kilomita 300 kwa saa, na shabaha ni daraja la Kilifi. Bomu litachukua sekunde 25 hivi kufika chini, na muda huo wote litakuwa likisonga mbele, jumla ya kilomita mbili. Kwa hiyo rubani analiachia angali juu ya Barabara ya Bofa. Akichelewa sekunde moja, amekosea kwa zaidi ya mita 80. Akiwahi mno, si bomu la daraja tena, ni la watu wa Bofa. Ongeza upepo, na hapa pwani hakuna anayehitaji kufundishwa tofauti ya kusi na kaskazi, wala kwamba upepo wa juu unaweza kwenda njia nyingine na wa chini njia nyingine. Ongeza wingu, usiku, na mizinga inayomtafuta rubani kutoka chini.

Waingereza walijipima Agosti 1941, katika taarifa inayojulikana kwa jina la mwandishi wake, Butt. Picha zilionyesha kwamba katika ndege zilizodai kuwa zimeshambulia shabaha zao Ulaya, moja tu kati ya tatu ilikuwa imefika ndani ya maili tano za shabaha. Maili tano ni kilomita nane! Kutoka katikati ya mji wa Kilifi ungekuwa umeipita Bofa yote na bado unahesabiwa kuwa umepatia. Dawa waliyoichagua haikuwa kuacha. Walizidisha idadi ya ndege, na shabaha ikawa mji mzima.

Fikra hiyo ilihamia kwetu vita vilipokwisha. Kuanzia Novemba 1953 ndege kubwa za Avro Lincoln zilipiga kambi Eastleigh, Nairobi, na kuanza kudondosha mabomu ya ratili 500 na 1,000 katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, walikojificha wapiganaji wa Mau Mau. Ndege ndogo za Harvard zilikuwa zimeshatangulia na mabomu ya kilo tisa hivi. Bomu la ratili 1,000 liliundwa kwa ajili ya viwanda na njia za reli. Likiangushwa juu ya mianzi na miti ya miaka mia, likiwalenga watu wachache wanaohama kila usiku, litapata nini? Lilipata nyati, tembo na vifaru, na wanyama waliojeruhiwa wakawa hatari kwa kila aliyekuwa msituni, mpiganaji na askari wa serikali sawia. Wapo waliotetea kwamba mshindo ulivunja mioyo ya waliojificha. Mimi naona huo ni utetezi wa mtu aliyekwisha kununua kitu na hajui akitumie wapi. Kufikia 1955 mabomu hayo makubwa yalikuwa yameachwa, na vita vile viliamuliwa na vijiji vilivyozungushiwa mitaro, kambi za kuzuilia watu na wasaliti walioongoza doria.

Waliorithi ndege walirithi na kukosa kwake. Mwanzoni mwa Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, ndege za Uganda zilitumwa kulivunja daraja la Kyaka. Zikashindwa, na daraja likaja kuvunjwa na mtaalamu wa baruti aliyelitegea kwa mkono. Machi 1979 Muammar Gaddafi alimpa Mwalimu Nyerere muda aondoe majeshi yake Uganda, Nyerere akampuuza, na Libya ikatuma ndege ya Tupolev Tu-22 kuipiga Mwanza. Ilikuwa ndege ya masafa marefu, yenye kasi kupita sauti. Mabomu yake yaliangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane na kuua swala.

Kuna mara moja ambapo kukosa kulikuwa ni kwa makusudi, na huenda kuliiokoa Nairobi. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, waasi wa Jeshi la Anga la Kenya waliwashurutisha marubani wa Nanyuki, kwa mtutu wa bunduki, waruke na kupiga Ikulu na makao makuu ya GSU. Miongoni mwa marubani hao walikuwa Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza. Waliruka kama walivyoamriwa, wakayatupa mabomu katika msitu wa Mlima Kenya, ulioyapokea ya Waingereza miaka 28 nyuma, kisha wakarudi. Sielewi kwa nini hakuna shule wala barabara inayofahamika kwa tendo hilo. Serikali ilikuwa na haraka ya kulivunja jeshi zima la anga, na ikalivunja.

Kufikia wakati huo teknolojia ilikuwa imeanza kutafuta macho ya bomu. Huko Vietnam, Wamarekani walilishambulia daraja la Thanh Hoa kwa miaka bila kuliangusha, hadi Mei 1972 walipotumia mabomu yaliyofuata mwanga wa leza. Mwaka 1999, katika vita vya Kosovo, walitumia kwa mara ya kwanza vitani mabomu yaleyale ya kawaida yaliyovishwa mkia wenye kuongozwa na setilaiti. Usiku wa tarehe 7 Mei matano kati yake yaligonga jengo mjini Belgrade kwa usahihi ambao Butt asingeuamini. Jengo lenyewe lilikuwa ubalozi wa China. Marekani ilieleza kwamba ramani ilikosewa. Tangu hapo swali la bomu limehama. Zamani ulimuuliza rubani. Sasa unapaswa kumuuliza aliyeandika anwani, na yeye hukaa ofisini mbali na mshindo.

Swali hilo limetufikia. Oktoba 2011, baada ya watu kutekwa nyara Lamu na Dadaab na watalii kuanza kuukimbia ukanda wote huu, Kenya ilipeleka majeshi Somalia katika Operesheni Linda Nchi. Tarehe 30 mwezi huo ndege zilishambulia Jilib, kaskazini ya Kismayu, ileile Kismayu iliyokuwa Kenya hadi 1925. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilisema kambi ya wakimbizi wa ndani ilipigwa, watu watano wakafa na 45 wakajeruhiwa, wengi wao watoto. Msemaji wa jeshi wakati huo, Emmanuel Chirchir, alisema waliopigwa ni Al-Shabaab, na kwamba gari lao lililokuwa na silaha ndilo lililoingia kambini likiwaka na kulipuka. Maelezo hayo mawili hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja, na mlipa kodi wa Kilifi aliyechangia ununuzi wa bomu lile ana haki ya kuonyeshwa anwani iliyoandikwa siku ile, na jina la cheo cha aliyeiandika.