Mapumziko Nayo Yana Namna Yake: Yoga ya Utulivu na Afya ya Akili

"Nenda ukapumzike." Agizo hili hutolewa kila siku katika vyumba vya daktari, na kwa kawaida huishia hapo. Dawa huandikiwa kipimo, saa na idadi ya siku. Mapumziko huachiwa mgonjwa ayatafute mwenyewe. Mwenye sonona hurudi nyumbani, akajilaza, akakesha akihesabu madeni. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku hulala taya zikiwa zimekaza, masikio yakingoja kuitwa. Mwili umelala chini, lakini haujapumzika.

Yoga ya utulivu imejengwa juu ya tofauti hiyo. Chimbuko lake ni India. B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 huko Bellur, Karnataka, alikuwa mtoto dhaifu aliyeandamwa na maradhi. Alipokuwa mwalimu mjini Pune alitumia mito, blanketi, mikanda na viti ili hata mwili usio na nguvu uweze kukaa katika mikao ya yoga bila kuumia. Mwanafunzi wake Mmarekani, Judith Hanson Lasater, mtaalamu wa fiziotherapia, aliielekeza njia hiyo kwenye mapumziko hasa, na mwaka 1995 alichapisha kitabu chake Relax and Renew.

Anayeifikiria yoga kuwa kujikunja na kusimama kwa kichwa atashangaa kuona jinsi kinavyotendeka kidogo hapa. Katika saa nzima huwa na mikao michache tu, na kila mmoja hudumu dakika 5 hadi 20. Mtu hulala chali mkekani, blanketi iliyokunjwa ikiwa chini ya kichwa, mto chini ya magoti, kanga iliyokunjwa juu ya macho. Au huegemeza miguu ukutani. Au huinama kwa mbele na kulaza kifua juu ya rundo la mito, kama mtoto mgongoni mwa mama. Kanuni ni moja: msuli usifanye kazi ambayo mto unaweza kuifanya. Ukihisi kuvutwa au kuuma, ongeza kiegemeo. Mkao wa mwisho huitwa kwa Kisanskriti shavasana, yaani mkao wa maiti, jina ambalo mhudumu mwenye busara hatalitaja wodini.

Kinachotafutwa hueleweka kwa fiziolojia ya kawaida. Sehemu moja ya mfumo wa neva huuandaa mwili kwa hatari: moyo hwenda mbio, misuli hukaza, shinikizo la damu hupanda. Nyingine, inayopitia hasa neva ya vagasi, huurudisha mwili katika shwari, na humeng'enya chakula. Mapigo ya moyo hupungua kila mtu atoapo pumzi. Kwa hiyo pumzi ya polepole, yenye kutoka kurefu kuliko kuingia, ni mlango ulio wazi kwa kila mtu. Giza, joto na viungo vilivyoegemezwa huusaidia ubongo uache ulinzi wake.

Je, husaidia kiasi gani? Hapa kiasi katika maneno chahitajika. Uchunguzi uliofanywa California na kuchapishwa mwaka 2014 ulilinganisha yoga ya utulivu na mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo, kwa watu wenye unene wa tumbo, sukari na shinikizo lisilo sawa. Kotisoli, homoni ya msongo, ilipungua zaidi kwa walionyoosha viungo. Matokeo hayo hayaiondolei yoga thamani, ila yanamkataza yeyote kuiita tiba pekee. Mgonjwa wa sonona asiache vidonge kwa sababu ya mto na mkeka, na mwenye mawazo ya kujiua apelekwe kwenye huduma siku hiyo hiyo.

Wapo Waislamu na Wakristo wanaosita kwa kuwa yoga ina mizizi katika dini za India. Mgonjwa asifichwe asili hiyo. Aelezwe pia kwamba kulaza mwili juu ya mito na kurefusha pumzi hakudai ibada wala kutamka neno lolote. Kisha aamue mwenyewe.

Tahadhari zipo. Mjamzito aliyepita wiki 20 alale kwa ubavu, si chali. Mwenye moyo ulioshindwa kazi, ambaye akilala hukosa pumzi, ainuliwe mgongo kwa mito. Mwenye glakoma aepuke mikao inayoshusha kichwa chini ya moyo. Aliyepitia ukatili huenda akaogofywa na ukimya wa macho yaliyofumbwa: na ayafumbue, alale akiuelekea mlango, na dakika 3 zinamtosha kwa kuanzia. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu wasiinuke ghafla. Wageukie ubavu, wakae kitako kwa muda, ndipo wasimame.