Jinsi Molekuli za Maji Zinavyoshikana

Kila mpishi ajua ya kuwa maji hayachemki upesi. Sharti yapate joto la digrii 100. Lakini iko gesi moja inukayo kama yai viza, iliyoumbwa kwa mfano wa maji, ila mahali pa oksijeni pana salfa. Molekuli zake, yaani chembe zake ndogo kabisa, ni nzito kuliko za maji, na juu ya hayo huchemka katika baridi ya digrii 60 chini ya sifuri. Mbona iliyo nzito huruka, na iliyo nyepesi hukaa?

Sababu ni kwamba molekuli za maji hushikana. Kila moja ina oksijeni moja na haidrojeni mbili, na haidrojeni ya moja huvutwa na oksijeni ya jirani yake. Mvuto huo huitwa kifungo cha haidrojeni. Latimer na Rodebush wa Marekani waliueleza mwaka 1920. Nguvu yake ni kama sehemu moja katika ishirini ya ile inayoiunga haidrojeni na oksijeni yake yenyewe.

Basi kitu kidogo hivyo hupimwaje? Mwaka 1800 William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyekaa Uingereza, alitawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka kipimajoto ng'ambo ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote. Kipimajoto kikapanda. Miali hiyo isiyoonekana twaiita infraredi. Haidrojeni na oksijeni hutetemeka kama uzi wa zeze, nazo humeza miali ile tu ilingayo na mtetemo wao. Nasi twajua kuwa uzi ukilegezwa, sauti hushuka: haidrojeni ikivutwa na jirani, kiungo chake cha asili hulegea kidogo, na mtetemo hushuka vivyo hivyo.

Molekuli za mvuke, zikiwa zimeachana, huonyesha mistari miwili, 3,657 na 3,756, kwa hesabu ya mawimbi katika sentimeta moja. Maji ya kawaida huonyesha kilima kimoja kipana karibu na 3,400, na barafu hushuka hadi karibu na 3,200. Lakini kilima hicho ni kama kelele za sokoni. Nani atatambua sauti ya mtu mmoja?

Kwa hiyo wataalamu hutia maji kidogo mno katika kiowevu kingine. Ndani ya kaboni tetrakloridi, isiyoyashika maji ila kwa udhaifu sana, mistari miwili hurudi, karibu na 3,700 na 3,600. Ndani ya asetoni hushuka, maana oksijeni ya asetoni huivuta haidrojeni ya maji. Na ndani ya dimethili salfoksidi hushuka zaidi. Badger na Bauer walionyesha mwaka 1937 kwamba kadiri mstari ushukavyo, ndivyo kifungo kilivyo na nguvu. Kanuni hiyo yafaa sana, ingawa si ya kutegemewa kila mahali.

Kazi yenyewe ina mitego. Chombo cha kioo hakifai, kwa kuwa kioo chenyewe humeza miali mingi. Vidirisha vya chumvi huyeyuka. Afadhali kalsiamu floridi. Asetoni ya chupani huwa na maji yake tangu hapo, na unyevu wa hewa huandika mistari yake juu ya ile tuitafutayo. Tena kaboni tetrakloridi ni sumu ya ini, na huharibu tabaka la ozoni, hata ikatiwa katika mapatano ya Montreal mwaka 1990.

Maji yakizidi ndani ya asetoni, molekuli zake huanza kukutana zenyewe kwa zenyewe, na kile kilima kipana huinuka tena. Hapo ndipo mabishano ya zamani huanza: wengine husema kilima ni mchanganyiko wa molekuli zilizofungwa na zilizo huru; wengine husema vifungo vyatofautiana hatua kwa hatua, pasipo mpaka. Sisi twaelekea kwa hao wa pili, lakini twakiri kwamba kilima kile kile husomwa na pande zote mbili.