Kiwanja Huokolewa Mtaroni

Kila masika yapitapo, viwanja vya michezo vya Dar es Salaam huachwa na madimbwi, tope na nyasi zilizooza. Watakuwapo watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo. Sisi hatukubaliani nao. Kwa mtoto wa Kariakoo, ambaye nyumba yao imepakana ukuta kwa ukuta na duka, kiwanja ndiyo nafasi pekee ya kukimbia.

Uwanja wa gofu wa Gymkhana, ulio kati ya mji na bahari, unao wanachama wanaoutunza kwa ada zao. Kanuni za kazi hiyo zinafahamika. Kwanza maji yatolewe. Pili, ardhi isikanyagwe wala kupitishwa mashine ingali tope, kwa maana hushindiliwa ikakosa hewa. Tatu, tope lililoletwa na mafuriko lizolewe, ardhi itobolewe na kutiwa mchanga. Ndipo upandwe ukoka. Anayeanza na ukoka anawapandia mafuriko yajayo.

Viwanja vya Jangwani, kati ya Kariakoo na Magomeni, ni vya umma, navyo vimo bondeni mwa Mto Msimbazi. Mto huo hushuka na mchanga na takataka za jiji zima. Desemba 2011 ulifurika, watu zaidi ya 40 wakafariki jijini, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Hata Uwanja wa Kaunda, wa klabu ya Yanga, umewahi kugeuka bwawa.

Ndugu zetu wa Unguja hawana haja ya kusimuliwa haya. Mnazi Mmoja yao imepakana na mahali palipokuwa hori kabla ya kufukiwa, na bahari ya bamvua haijasahau njia yake. Wahenga walikwisha kunena: maji hufuata mkondo.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za Marekani kwa mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, na ndani yake limo daraja jipya la Jangwani na bustani kubwa ya wananchi. Tunaupongeza mpango huo. Lakini tunawakumbusha wakuu wa Serikali, Bara na Visiwani, kwamba daraja huzinduliwa mara moja, na mtaro huzibuliwa kila mwaka. Fedha za kuzoa mchanga zitengwe katika bajeti kabla ya masika, na kazi ikaguliwe kabla ya wingu la kwanza.

Tena, kiwanja cha bondeni kisifukiwe wala kujengwa. Kikipokea maji kwa siku tatu, kimeziokoa nyumba za jirani. Kisha kitakaushwa, na watoto watarudi na mpira wao. Nyumba iliyochukuliwa na mto haikaushwi.