Stika Iliyo Kwenye Tanki la Lori

Sogeeni, wapwa zangu, nafasi ipo.

Malori ya chumvi mnayajua. Yanatoka Gongoni, yanapita Malindi, yanapita Kilifi, yanashuka hadi Mombasa. Wengi wenu mkiyaona mnapunga mkono. Lakini mmoja wenu hakupunga. Alichungulia! Lori lilikuwa la mtumba, limetoka Uingereza. Karibu na kifuniko cha tanki akaona stika yenye miraba miwili. Mmoja umeandikwa B7. Wa pili umeandikwa XTL.

"Mjomba, hivi ni nini?"

Ahsante kwa swali hilo. Wapo watu wanaofungua kifuniko hicho kila siku na hawajauliza. Basi tuiulize stika yenyewe.

"Mimi ni mraba," stika ikasema. "Ukiona mraba, hiyo ni dizeli. Ndugu yangu duara ni wa petroli. Ndugu yetu wa umbo la almasi ni wa gesi. Tulianza kubandikwa Ulaya mwaka 2018, ili dereva aliye ugenini, asiyejua lugha ya watu, asikosee pampu. B ni bayodizeli. Saba ni sehemu saba katika mia. Zikizidi hapo, lori hili halikuandaliwa."

"Na bayodizeli ni nini?"

Ni dizeli inayotokana na mafuta ya mimea au ya wanyama. Mawese, soya, hata mafuta machafu yaliyokwisha kukaangia viazi.

"Lakini mjomba, mafuta ya kukaangia yanakuwaje dizeli?"

Aa, hapo umeuliza! Fikirini mbuzi watatu waliofungwa kwenye kigingi kimoja. Mafuta ya mbegu yako hivyo hivyo. Chembe tatu ndefu zimefungwa kwenye kigingi kiitwacho gliserini. Mbuzi wanazongana, hawaendi mbali. Ndiyo maana mafuta ya kupikia ni mazito.

Mtengenezaji wa bayodizeli huja na methanoli. Methanoli huwafungua mbuzi. Kigingi, ile gliserini, hutuama chini, kikaenda kutengenezewa sabuni. Mbuzi sasa wako huru. Lakini tazameni shingoni. Kila mmoja amebaki na kipande cha kamba.

Kamba hiyo ina oksijeni, na inapenda maji. Kwa unyevu wetu huu wa pwani, tanki likiachwa limesimama muda mrefu, maji hukusanyika, vijidudu huota, filta ikaziba. Tena bayodizeli ina tabia ya kuosha. Ikiingia tanki la zamani, hubandua uchafu uliogandamana humo miaka mingi na kuupeleka wote kwenye filta. Mwenye lori kuukuu anayeanza kutumia B20 huweka filta ya akiba chini ya kiti. Akili hiyo!

"Na XTL?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Mafuta yanaweza kuwa yale yale. Mbuzi wale wale. Lakini mtengenezaji wa dizeli jadidifu, mojawapo ya dizeli za XTL, haji na methanoli. Huja na haidrojeni, kwa joto kali na mgandamizo mkubwa. Haidrojeni haimfungui mbuzi tu. Huondoa kamba yote, na oksijeni hutoka nayo. Mbuzi anabaki shingo tupu. Mwingize katika kundi la dizeli ya kawaida, hutamtambua. Kwa hiyo lori lililoruhusiwa kutumia XTL linaweza kujaza tanki zima. Dizeli jadidifu hiyo, Marekani huiita R99 pale inapokuwa sehemu tisini na tisa, na moja ya dizeli ya kawaida.

"Basi mwenye lori afanye nini?"

Asome mara mbili. Kwanza kifuniko, kisha pampu. Kifuniko kikisema B7 na pampu ikisema B20, asijaze. Indonesia walipandisha hadi B40 mwaka 2025, kwa mafuta ya mawese. Lori letu la chumvi lingefika huko lingesumbuka! Hapa Malindi pampu huandika dizeli tu, na dereva anaendelea na safari yake.

"Kwa hiyo mambo haya hayatuhusu?"

Yanatuhusu sana. Mwaka 2022, kule Makueni, kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu, zikiwemo za mbarika. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, mafuta ya kwanza yakapakiwa melini Mombasa, yakaenda Gela, kisiwani Sicily. Huko ndiko kamba huondolewa.

Na kabla ya hapo, mbono. Mnaujua mbono, ule mti wa uani ambao mama anawakataza kula mbegu zake. Msizile kweli, ni sumu. Miaka kumi na mitano hivi iliyopita, kampuni nyingine ya Kiitalia ilitaka hekta 50,000 za Dakatcha, nyuma ya Malindi, ili ipande mbono wa dizeli. Dakatcha ni msitu. Wagiriama wanaishi humo, wanalima humo, kaya zao zimo humo. Yumo pia mnana aitwaye kwa jina la Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani ila Kilifi. Mwaka 2011 utafiti ulipiga hesabu. Ukifyeka msitu ule, hewa chafu itakayopanda angani ni mara mbili na nusu hadi mara sita ya ile ya dizeli ya kawaida. Watu wakapinga. Mpango ukakwama.

Nikaiuliza stika, "Wewe ulilijua hili?"

"Mimi nimeandikiwa herufi na namba," ikajibu. "Shamba sikuandikiwa. Hata dizeli iliyotengenezwa kwa gesi ya ardhini, isiyo na mbegu yoyote ndani yake, hukaa katika mraba wangu wa XTL."

Mimi nasema hapo ndipo stika ilipopungukiwa. Inamwambia mwenye lori kama injini itapona. Msitu kama ulipona, haimwambii. Hilo aliulize kwa muuzaji, kama mnavyoniuliza mimi, bila haya.

"Mjomba, swali la mwisho. Je, nikimimina mafuta ya mama moja kwa moja kwenye tanki?"

Utundu huo naupenda! Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini moja ya dizeli ilizungushwa kwa mafuta ya karanga. Ikazunguka vizuri. Lakini injini za leo hunyunyiza mafuta kupitia vitundu vidogo mno. Mbuzi watatu na kigingi chao hawapiti hapo. Kwa hiyo mwacheni mama akaangie viazi karai. Na kama kuna atakayejaribu kwenye lori la baba, asiseme ni mjomba aliyemfundisha.