Vileja vya Idd: Mtoto akande, moto aachiwe mzazi

KATIKA siku za mwisho za Ramadhani, majiko ya Pwani hunukia hiliki, na watoto nao hutaka kushika unga. Vileja vinawafaa kuliko visheti, kwani visheti hukaangwa katika mafuta ya moto, ilhali vileja huokwa. Tena unga wa mchele hauna gluteni, ule unato unaoufanya unga wa ngano uvutike. Hivyo mtoto hata akiukanda kupita kiasi pamoja na samli na sukari, kileja hakikakamai. Asilambe vidole tu, kwa sababu ya mayai mabichi. Mkaa ni wa mzazi. Mtoto akiungua, jeraha lipoozwe kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, inayokimbiliwa na wengi, haifai.