Mbona PC Yako ya TV Haiamki na Rimoti? Shida Iko Hapa

Ukipita Luthuli Avenue ama Moi Avenue utaziona zile PC ndogo za ex-UK zimepangwa kwa shelfu kama vitabu: Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini. Unabeba moja, unaichomeka kwa TV na waya ya HDMI, unaweka Kodi, na hapo keja imegeuka sinema. Hadi hapo kila kitu ni fiti.

Noma inaanza saa sita usiku. Umejifunika blanketi, episodi imeisha, na PC iko nyuma ya TV mahali mkono haufiki. Wasee wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna wale huiacha ikinguruma hadi asubuhi, na kuna wale hunyoosha mguu wakazima soketi ukutani. Wa kwanza wanakula tokeni zao pole pole. Wa pili wanacheza na diski, na siku moja itawafungukia na skrini nyeusi ikiwa na hesabu za chuo za rumeti ndani.

Tupige hesabu ya huyo wa kwanza. Tuseme PC yako ndogo inakula wati 20 ikiwa imekaa tu, na uniti moja ya stima inakutoka bob 25. Ikiwaka saa 24 kwa siku 30, hizo ni uniti 14.4, yaani bob 360. Sasa tuseme unaitumia saa nne kwa siku, na hizo saa zingine 20 imelala ikikula wati mbili. Inashuka hadi uniti 3.6, bob 90. Si pesa ya kununua shamba Kitengela, lakini kwa bedsita ya watu wawili wanaochangia tokeni, hiyo tofauti ndiyo huleta mdomo kila mwisho wa mwezi. Na kama yako ni ile dekstopu kubwa ya ofisi, hesabu inapanda zaidi.

Kwa hivyo rimoti si uvivu. Lakini kabla ununue chochote, elewa kitu moja, ju hapa ndipo watu hupoteza doo: mashine iliyokufa kabisa haiwezi kusikia rimoti. Lazima kitu fulani ndani yake kibaki macho kikingoja.

Kitufe cha kuwasha PC si swichi kama ile ya taa. Ukikibonyeza hakikati wala hakileti stima. Kinagusanisha nyaya mbili ndogo kwa sekunde kidogo, na bodi kuu ya kompyuta ndiyo inaamua kuwaka. Bodi inawezaje kuamua kama imezimwa? Kwa sababu haijazimwa kabisa. Bora soketi iko na stima, kuna kastima kadogo kanaendelea kupita ndani. Kwa zile dekstopu za kawaida kanatoka kwa pawa saplai kupitia waya ya zambarau, volti 5. Kwa hizi PC ndogo zinazotumia chaja kama ya laptopu, bodi yenyewe inajitengenezea kutoka kwa chaja. Hako ndiko mlinzi wa usiku. Ukimpatia maskio, atafungua geti.

Ndiyo maana soketi ya ukutani ni adui wa hii mpango yote. Kenya soketi zetu ziko na swichi, na wengi tumelelewa na mama anayezunguka nyumba usiku akizima kila kitu. Ukizima hapo umemfuta mlinzi kazi. Hata ununue rimoti ya dhahabu, PC haitaamka.

Sasa hayo maskio. Rimoti ya kawaida inatuma mwanga wa infraredi, ule macho yetu hayaoni. Nyingi hupepesa huo mwanga karibu mara 38,000 kwa sekunde, ndio kipokezi kiweze kuutofautisha na jua ama balbu. Kama unashuku rimoti imekufa, elekeza pua yake kwa kamera ya simu na ubonyeze kitufe. Ukiona kataa kanawaka kwa skrini, rimoti iko hai. Jaribu kamera ya mbele kwanza, ju za nyuma mara nyingi zinachuja huo mwanga.

PC za ofisi hazina kipokezi cha infraredi, so unakiongeza kwa USB. Kuna vile vya zamani vilivyokuja na rimoti za Windows Media Center. Kuna pia FLIRC, kidude kidogo kama flashi. Hii FLIRC ni mjanja: unaifundisha rimoti yoyote uliyo nayo, hata ile ya dekoda iliyolala kwa droo, halafu inaidanganya PC kwamba yenyewe ni kibodi. Ukibonyeza OK kwa rimoti, PC inaona mtu amebonyeza Enter. Ukiuliza mimi, hii njia ya kujifanya kibodi ndiyo bora, ju kila kompyuta inajua kibodi ni nini bila kuwekewa programu za ajabu.

Umenunua, umechomeka, rimoti inazungusha Kodi vizuri, lakini ukiilaza PC haiamki. Hapa ndipo watu hurudi dukani kugombana na muuzaji bure. Kipokezi hakina shida. Shida ni kwamba mashine inakizimia stima.

Na kuna sababu ya hii, inayotoka mbali kidogo. Muungano wa Ulaya uliweka sheria ya kubana stima inayoliwa na vifaa vikiwa vimezimwa. Kuanzia 2010 kiwango kilikuwa wati 1, na 2013 kikashuka hadi nusu wati. Kutimiza hiyo, watengenezaji wakaweka setingi inayomnyima mlinzi wetu chakula: bodi inakata stima ya USB na vitu vingine PC ikizimwa. Kwa bodi zingine inaitwa ErP ama EuP. Kwa Dell utaiona kama “Deep Sleep Control”. PC yako ya Luthuli ilikuwa inafanya kazi kwa ofisi huko Uingereza, na mara nyingi inakuja bado imebeba hizo setingi. Hakuna mtu wa IT kule aliwahi kufikiria kwamba siku moja itaamshwa na rimoti ya dekoda huko Umoja.

So ingia BIOS. Kwa Dell unagonga F2 ikiwaka, kwa Lenovo F1, kwa HP F10. Tafuta sehemu ya pawa. Zima Deep Sleep ama ErP. Kisha washa ile inayosema USB iruhusiwe kuamsha mashine. Kwa Dell ni “USB Wake Support”. Hifadhi, toka. Kama kuna bandari ya USB imechorwa alama ya radi, weka kipokezi hapo, ju kawaida hizo hubaki na stima hata PC ikiwa imezimwa.

Halafu Windows nayo iko na maringo yake. Fungua Device Manager, nenda kwa Keyboards, fungua kipokezi chako, ingia “Power Management” na uweke tiki kwa “Allow this device to wake the computer”. Ukitaka kuthibitisha, fungua Command Prompt uandike powercfg /devicequery wake_armed. Inakupa orodha ya vitu vyote vilivyo na ruhusa ya kuiamsha PC. Kama kipokezi hakimo kwa hiyo orodha, hapo ndipo shida iko.

Swali lenye watu huuliza sana: niilaze ama niizime kabisa? Laza. Kwenye Sleep, kila kitu kinakaa kwa RAM na ukibonyeza rimoti unarudi ulipokuwa kwa sekunde chache. Kwenye Shut down, mashine nyingi hazisikilizi USB tena, hata ubembeleze aje. Zipo zinazokubali, baadhi ya ThinkCentre ziko na setingi ya “Smart Power On” inayowasha PC ukibonyeza Alt na P kwa kibodi. Lakini usijenge maisha yako juu ya hiyo. Ukitaka kuwasha mashine iliyozimwa kabisa, kuna vibodi vidogo vya infraredi vinavyounganishwa moja kwa moja na zile pini za kitufe cha kuwasha, vikibonyeza kwa niaba yako. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mkono uliotulia, na kwa hizi PC ndogo nafasi ya kuvichomeka hata haiko.

Kuzima, ama tuseme kulaza, ndiyo upande rahisi. Kwa programu ya FLIRC unafundisha kitufe chekundu cha rimoti kitume amri ya kulala, basi. Ama unaingia menyu ya pawa ndani ya Kodi na kuchagua Suspend. Kosa ni kutumia ile plagi janja ya Wi-Fi kukata stima PC ikiwa bado inaandika kwa diski. Hiyo haina tofauti na mguu kwa soketi, ni vile tu umeilipia.

Sasa mtu atauliza, si TV yangu inaweza kuzima kila kitu na rimoti moja? Inaweza, kwa vifaa vinavyoelewa HDMI-CEC. Ndani ya waya ya HDMI kuna njia moja, pini namba 13, ambapo TV na vifaa vinaongea: washa, zima, nenda juu. Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita SimpLink, Sony wanaiita Bravia Sync, lakini ni kitu moja. Habari mbaya ni kwamba PC nyingi za kawaida hazijaunganisha hiyo pini. Waya unafika, TV inaongea, na PC iko kama msee ameweka iafoni. Raspberry Pi inaielewa CEC, na ndiyo maana watu wa Kodi huipenda. Kwa PC itabidi ununue adapta ya Pulse-Eight, na hiyo kuipata hapa mtaani ni kazi.

Kama hutaki kununua kitu chochote, simu inatosha kuamsha. Inaitwa Wake-on-LAN. Programu kwa simu inatuma ujumbe mdogo wa baiti 102 kupitia rauta, wenye anwani ya kadi ya mtandao ya PC yako imerudiwa mara 16, na kadi ikisikia jina lake inaamsha mashine. Sharti PC iwe imechomekwa kwa rauta na waya, ju kwa Wi-Fi mara nyingi haishiki, na uwashe hiyo setingi kwa BIOS. Ukizima PC badala ya kuilaza, zima pia “Fast Startup” ya Windows, ju inaivuruga hii mambo sana.

Halafu kuna stima yetu yenyewe. Ikipotea PC ikiwa imelala, RAM inafutika. Windows kwa dekstopu iko na “Hybrid sleep”, ambapo kabla ya kulala inaandika nakala kwa diski, so stima ikirudi unawasha na kuendelea ulipoachia. Ingia kwa setingi za pawa uhakikishe imewashwa. Shida ingine ni kwamba baada ya blekauti PC inabaki imezimwa kabisa, na rimoti haiisikii tena. BIOS iko na dawa: kwa Dell ni “AC Recovery”, kwa Lenovo na HP ni “After Power Loss”. Ukiiweka kwa Power On, stima ikirudi PC inajiwasha yenyewe, halafu baada ya dakika ulizopanga inajilaza, tayari kungoja rimoti. Kama mtaa wenu stima huenda na kurudi mara tano kwa jioni, afadhali uiweke kwa Power Off uwe unaamka kuiwasha, ama ununue UPS ndogo. Diski haipendi hiyo dansi.

Ukimaliza kupanga yote na usiku wa manane PC iamke yenyewe, TV imulike keja nzima, usiite pasta. Andika powercfg /lastwake na itakutajia nani aliiamsha. Mara nyingi ni panya wa kompyuta, meza ikitikiswa kidogo tu. Rudi Device Manager, mtoe panya tiki ya kuamsha, uachie kipokezi peke yake.