Mazoezi na Umeme Hafifu wa Ubongo katika Kutuliza Maumivu Sugu

Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Mara nyingi jeraha la awali huwa limekwisha kupona, lakini uti wa mgongo na ubongo huendelea kukuza kila ishara, mithili ya king'ora kinacholia ilhali moto umezimwa. Mgonjwa huogopa kujongea; misuli hudhoofika, viungo hukakamaa, na maumivu huzidi.

Ndiyo maana mazoezi ni nguzo ya matibabu. Kutembea kwa kasi, kuogelea au kuendesha baiskeli huamsha njia za neva zishukazo kutoka ubongoni, ambazo huzuia ishara za maumivu zisipande. Tatizo ni kwamba anayeumia sana hushindwa kuanza, au huacha baada ya siku chache.

Hapo ndipo umeme hafifu unapotarajiwa kusaidia. Elektrodi 2 zilizofunikwa kwa sifongo yenye maji ya chumvi huwekwa kichwani, moja ikielekea sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo. Umeme wa miliampea 1 hadi 2 hupitishwa kwa takriban dakika 20. Umeme huo hauzilazimishi seli za neva kufanya kazi. Huzifanya tu ziwe nyepesi kuitikia. Inatarajiwa kwamba mazoezi yatakayofuata yataukuta ubongo ukiwa tayari kujifunza upya.

Nchini Brazil, jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilihusisha wagonjwa 45 wa faibromialgia. Waliopata tiba zote mbili walipata nafuu kubwa zaidi ya maumivu na wasiwasi kuliko waliopata moja tu. Hata hivyo, idadi hiyo ni ndogo, na mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yaliona kuwa ushahidi kuhusu umeme huu kwa maumivu sugu ni wa ubora wa chini.

Madhara ya kawaida ni mwasho, wekundu wa ngozi na kuumwa kichwa kidogo. Mwenye kifafa, chuma kichwani au kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo hana budi kuchunguzwa kwanza na daktari. Kujitengenezea mtambo wa betri nyumbani ni hatari, kwani ngozi yaweza kuungua.

Basi, asiyeufikia umeme huu asidhani amekosa tiba. Mazoezi yaliyopimwa kwa uwezo wa mgonjwa na kuongezwa hatua kwa hatua chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, ndiyo msingi. Umeme ni msaidizi tu.